Wasio na Sanamu

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa 200, na mgongo wake umebandikwa utepe mara mbili. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Karurumo, soko lililo kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, upande wa Runyenjes. Aliniomba nisimtaje jina, nami nikamwahidi. Kila ukurasa ameugawa safu nne: jina, aliyesema, lini, na imethibitishwaje. Safu tatu za kwanza zimejaa. Ya nne ina maandishi hapa na pale, kama shamba lililopandwa kisha mvua ikakatika.

Nilimuuliza, "Mwalimu, mbona hukuanza na Pinto mwenyewe, au Mboya, au J.M.?"

"Hao wana vitabu, mwanangu," akanijibu. "Mimi namtafuta yule aliyekuwa amesimama kando."

Sura hii inawahusu waliosimama kando ya mauaji ya kisiasa: kijana aliyekamatwa, mchungaji wa mifugo aliyeikuta maiti, mtumishi wa nyumbani aliyesikia gari usiku, abiria aliyekufa siku moja kabla ya mheshimiwa akasahauliwa. Inawahusu pia watu kama huyu mwalimu, wasio wanahistoria wala makachero, wasiolipwa na yeyote, ambao wameamua kuwafuatilia.

Siku utakapofika Nairobi, simama Moi Avenue, kwenye sanamu ya waziri Tom Mboya. Ilizinduliwa Oktoba 2011, hatua chache kutoka mahali alipopigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa. Barabara hiyo wakati huo iliitwa Government Road. Karibu nawe ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, jengo kuukuu lililowahi kuwa benki. Inua macho uone mnara wa mviringo wa Hilton, hoteli iliyofungwa mwishoni mwa 2022. Ndiko alikoonekana Josiah Mwangi Kariuki, yaani J.M., mbunge wa Nyandarua Kaskazini, tarehe 2 Machi 1975, akiondoka pamoja na mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU, Ben Gethi. Siku iliyofuata maiti yake ilikutwa kwenye vilima vya Ngong. Kwa kugeuza shingo mara moja umeyaona yote: alipouawa mmoja, alipochukuliwa mwingine, na nyumba yenye karatasi ambazo huenda zingetueleza kwa nini.

Lakini tazama nani amesimamishwa hapo kwa shaba. Nahashon Njenga Njoroge, aliyehukumiwa kifo Septemba 1969 kwa kumuua Mboya na kunyongwa Novemba mwaka huohuo, amebaki kwetu kwa sentensi moja tu. Alipokamatwa, inasimuliwa, aliwauliza polisi mbona hawamwendei mkubwa. Swali hilo limekuwa maarufu kuliko aliyeliuliza. Kwa zaidi ya miaka 50 Wakenya wamemtafuta huyo mkubwa sebuleni, kwenye matatu na kwenye vilabu vya pombe. Ni wachache mno waliouliza Njenga alikuwa nani: marafiki zake wa KANU walikuwa akina nani, safari yake ya Bulgaria aliipataje, nani alimtembelea wiki ile ya mwisho. Maswali hayo madogo yana majibu yanayoweza kupatikana. Lile kubwa, kwa jinsi tulivyoliuliza, limetupatia uvumi tu.

Naamini, na kitabu hiki kizima kimeegemea imani hiyo, kwamba mauaji ya kisiasa hufichwa kwa kuwafanya watu wadogo wasionekane. Aliyetoa amri anajua namna ya kujilinda. Aliyebeba ujumbe, aliyeendesha gari, aliyelala seli kwa niaba ya wengine, huyo hakujengewa ukuta wowote. Ukimjua vizuri, ukuta wa mkubwa unaanza kupata nyufa.

Hakuna kisa kinachoonyesha hili vizuri kuliko cha Pio Gama Pinto.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, katika familia ya Wagoa. Wakoloni walimkamata 1954 wakamweka kizuizini kisiwani Manda karibu na Lamu, kisha wakamzuilia Kabarnet hadi 1959. Baada ya Uhuru alikuwa mbunge maalumu, mwendeshaji wa magazeti ya Pan African Press, na mmoja wa waliosimamisha Taasisi ya Lumumba. Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965 alifika na gari kwenye lango la nyumba yake mtaani Westlands, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Hapo akapigwa risasi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 38, na ndiye mwanasiasa wa kwanza kuuawa hivyo katika Kenya huru.

Walikamatwa vijana wawili, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo aliachiliwa. Kisilu, aliyekuwa na umri wa miaka 20 na ushee, alihukumiwa kunyongwa Julai 1965. Alishikilia kwamba alitumwa kumtisha Pinto tu, na kwamba hakumuua. Jaji Mkuu John Ainley, ambaye ndiye aliyemtia hatiani, alikiri mwenyewe katika hukumu kuwa kesi hiyo ilionekana haijakamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika walikuwa mbele yake. Fikiria neno hilo. Jaji anamhukumu kijana kifo, na palepale anaungama kwamba mkono uliomshika kijana haukushika mwingine. Hukumu ya kifo ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Kisilu alitoka gerezani 2001 kwa msamaha wa Rais Moi. Aliingia Kenyatta akiwa rais, Kenyatta akafa, Moi akatawala kwa zaidi ya miaka 20, ndipo lango likafunguliwa. Hesabu ni miaka 36.

Aliyefanya kazi ya kumrudisha Pinto mezani petu hakuwa profesa wa historia. Shiraz Durrani alikuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa muda mrefu alikusanya vipande: barua, vikaratasi vya vyama vya wafanyakazi, kumbukumbu za waliokuwa na Pinto kizuizini. Mwaka 1984 alichapisha makala kuhusu Pinto gazetini. Polisi wakamwita wamhoji, na mwaka huohuo akalazimika kuikimbia nchi kwenda Uingereza. Pinto alikuwa kaburini miaka 19 tayari, na bado kumwandika kuliweza kumtoa mtu nchini kwake. Durrani hakuacha. Kitabu kikubwa alichokihariri kuhusu Pinto kilitoka 2018, zaidi ya miaka 30 baada ya makala zile.

Baada yake wamekuja vijana. April Zhu, mwandishi wa habari, na Stoneface Bombaa wa Mathare walitengeneza podikasti kuhusu Pinto kwa Sheng', lugha ya mitaa ileile ambako Pinto alikuwa akipeleka chakula na karo kwa familia za waliofungwa. Nilipomchezea mwalimu wangu kipindi kimoja kwenye simu, maneno mengine yalimpita. Akaniambia nirudishe nyuma, akachukua kalamu. Sijui Sheng' yangu ilimsaidia kiasi gani, lakini alijaza nusu ukurasa.

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu kuna kisa pacha. Siku tatu kabla ya Pinto kuuawa, yaani tarehe 21 Februari 1965, Malcolm X alipigwa risasi jukwaani New York. Wawili hao walikuwa wamekutana Nairobi miezi michache kabla. Kule Marekani walitiwa hatiani watu watatu. Mmoja, Talmadge Hayer, alikamatwa palepale na baadaye akakiri, lakini akasema wale wawili wengine hawakuwamo. Katika miaka ya 1977 na 1978 aliapa kwa maandishi, akataja wenzake wa kweli wanne. Mahakama haikutikisika. Muhammad Aziz na Khalil Islam walikaa gerezani hadi 1985 na 1987.

Aliyelichukua jambo hilo mabegani ni Abdur-Rahman Muhammad, mtu wa Washington aliyekuwa akitembeza watalii. Hakuwa na ofisi wala bajeti. Kwa miaka takriban 30 alisoma majalada ya FBI ukurasa kwa ukurasa, akalinganisha majina ya Kiislamu na majina ya kuzaliwa, akazungumza na wazee wa misikiti ya Newark, akafuatilia watu wadogo ambao Hayer aliwataja. Mwaka 2020 filamu ya mfululizo kuhusu utafiti wake ilionyeshwa duniani kote. Mwendesha mashtaka wa Manhattan akalifungua tena jalada. Ikabainika kwamba polisi na FBI walikuwa wameficha ushahidi ambao ungewasaidia washtakiwa. Novemba 2021 mahakama ikafuta hatia za Aziz na Islam. Aziz alikuwa na miaka 83. Islam alikuwa amekufa tangu 2009. Mwaka uliofuata jiji na jimbo la New York wakakubali kulipa dola milioni 36.

Nimevisimulia visa hivi viwili kwa pamoja kwa makusudi. Wiki moja, mwaka mmoja, watu wawili waliowahi kukutana, na katika kila kisa kijana asiye na uzito akabebeshwa mzigo wa wengi. Tofauti ni kwamba New York kulipatikana mtu wa kawaida aliyekaa na majina madogo mpaka yakasema. Kwa Kisilu hatujafanya hivyo. Tulimhoji alipotoka, tukampiga picha, tukamwuliza kuhusu wakubwa. Majirani zake wa 1965, aliokunywa nao chai, waliompa kazi za siku, wachache walitafutwa wangali hai.

Nirudi Karurumo, kwa sababu nasikia msomaji wa huku akisema mambo haya ni ya Nairobi. Si ya Nairobi. Mwezi mmoja kabla ya Pinto, Januari 1965, vikosi vya serikali vilimuua Jenerali Baimungi, kiongozi wa Mau Mau wa Meru, pamoja na Jenerali Chui. Walikuwa wametoka msituni Mlima Kenya wakati wa Uhuru, wakapokewa na serikali mpya, wakangoja ardhi, wakaona hakuna, wakarudi msituni. Huo haukuwa uuaji wa kuvizia langoni. Lakini ulikuwa uuaji wa kisiasa, na wanaokumbuka Pinto kama wa kwanza wangefanya vyema kumkumbuka na huyu aliyemtangulia kwa wiki chache. Meru wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki, na makao makuu ya mkoa yalikuwa Embu mjini, si mbali na hapa. Maana yake ni kwamba sehemu ya karatasi za kisa hicho zilipita mikononi mwa makarani, wapiga taipu na madereva waliokuwa wakirudi jioni vijijini kama Karurumo. Mwalimu ana kurasa sita za watu hao. Hajathibitisha hata mmoja, na ndiyo maana sizinakili hapa.

Ugumu wa kwanza ni majina. Huku, kama ilivyo kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama. Ndugu watano wakizaa, una binamu watano wenye jina moja, wa rika moja, kijiji kimoja. Mtafiti asiyejua hilo huokota jina gazetini, akaenda nyumba ya kwanza aliyoelekezwa, akamtia doa mtu asiyehusika. Meru kuna herufi M' inayotangulia jina la baba. Karani mmoja aliiandika, mwingine akaiacha, wa tatu akaiunganisha. Jina Baimungi lenyewe limeandikwa kwa namna mbalimbali. Mwalimu huandika kila namna kwenye mstari wake na hathubutu kuziunganisha mpaka apate kitu cha pili: jina la mama, ukoo, mwaka wa tohara, shule. Wanawake ndio wagumu zaidi kuwapata, kwa kuwa karatasi ziliwaita mke wa fulani. Nao ndio waliokuwa nyumbani gari lilipokuja.

Karatasi zipo kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vya ubatizo vya misheni vina jina la mzazi, la mdhamini na la mahali. Eneo hili lilihudumiwa na Wakonsolata, na hospitali yao ya Kyeni ingali inafanya kazi. Waanglikana walikuwa Kigari. Gazeti rasmi la serikali lina uteuzi, uhamisho na notisi za mirathi. Hansadi zina maneno ya wabunge neno kwa neno. Kisheria nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30, kwa hiyo zile za 1965, 1969 na 1975 zimeshapita umri huo. Jalada kutoonekana rafuni ni habari nyingine, na mtafiti mzuri huandika hata hilo: tarehe aliyoomba, namba aliyoomba, jibu alilopewa. Niliwahi kuambiwa katika ofisi moja kwamba faili niliyoitaka haijawahi kuwepo, wakati namba yake ilikuwa kwenye orodha yao wenyewe mbele yangu. Nilinakili namba hiyo. Siku moja mtu mwingine ataiomba.

Kuna ripoti moja ambayo kila anayeanza kazi hii anapaswa kuisoma kwa utaratibu, nayo ni ya kamati teule ya Bunge kuhusu kifo cha J.M., chini ya Elijah Mwangale, iliyowasilishwa Juni 1975. Watu wengi wanakumbuka jambo moja tu kuihusu: kwamba jina la waziri Mbiyu Koinange liliondolewa kwa amri ya Rais Kenyatta kabla haijafika bungeni. Ni kweli, na ni aibu. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipiga kura pamoja na walioikubali ripoti, akafutwa kazi. Ila ndani ya kurasa zake kuna kundi zima la watu wadogo: mchungaji Mmaasai aliyeiona maiti, polisi wa zamu, wahudumu wa hoteli, madiwani, wahudumu wa chumba cha maiti ambako mwili ulilala kama wa mtu asiyejulikana huku taifa likiambiwa mheshimiwa yuko Zambia. Mchungaji yule ndiye shahidi wangu ninayemheshimu kuliko wote katika historia ya Kenya. Hakuwa na sababu ya kujiingiza. Aliona, akaenda kusema.

Na siku moja kabla ya J.M. kutoweka, bomu lililipuka ndani ya basi kwenye kituo cha OTC Nairobi na kuua watu zaidi ya 20. Tunalitaja bomu hilo kama utangulizi wa kisa cha J.M. Waliokufa walikuwa abiria. Walikuwa na tiketi, mizigo, na watu waliowangoja upande wa pili. Hakuna mtafiti wa mauaji haya atakayejiita makini kabla hajawaandika hao kwa majina, kutoka magazetini na kwa familia zao, kwa ridhaa ya familia zao.

Ridhaa. Hapa mwalimu na mimi tulibishana hadi giza likaingia. Mimi nilisema ukweli ni ukweli. Yeye akanikumbusha kijiji kilivyo. Wakati wa Hali ya Hatari watu wa Embu nao walihamishwa kwa nguvu wakajazwa vijiji vya seng'enge, na kila boma likawa na aliyekula kiapo na aliyekuwa homugadi, wakati mwingine tumbo moja. Wajukuu wao leo wanakutana sokoni, wameoana, wanaimba kwaya moja. "Ukitaja jina hapa," aliniambia, "humtaji mfu. Unamtaja mtoto anayekwenda shule Jumatatu." Nilishindwa kumjibu, na tangu siku hiyo nimebadili namna yangu ya kuandika. Aliyefikishwa mahakamani au mbele ya tume, akataka mwenyewe kusema, jina lake liko hadharani. Aliyetajwa kwa minong'ono anabaki daftarini mpaka safu ya nne ijae. Katika kisa cha waziri Dkt. Robert Ouko, aliyetoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990 na kukutwa ameuawa mlimani Got Alila, mtumishi wa nyumba na kijana mchungaji walisema walichokiona mbele ya makachero wa Uingereza na mbele ya tume ya Jaji Evans Gicheru, ambayo serikali iliivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Mashahidi hao walibeba hofu ambayo wenye walinzi hawakuibeba. Kuwarudia na kinasa sauti bila kuwauliza kama wanataka ni kuwanyang'anya mara ya pili.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Kama nyumbani kwenu kuna barua ya gereza, kadi ya chama, stakabadhi ya wakili, picha yenye tarehe nyuma, usiitupe siku ya kuhama wala kuichoma siku ya mazishi. Ipige picha, andika ilikotoka na nani aliiweka, kisha mpe mtu wa pili nakala. Kama kuna mzee aliyekuwa karani, dereva, mpishi au askari wa zamu miaka ile, kaa naye msimu huu wa baridi, kabla ya mwingine. Muulize alifanya kazi gani, alilipwa kiasi gani, nani alikaa dawati la pili. Usimuulize kuhusu wakubwa. Atafika huko mwenyewe akitaka.

Pinto amezikwa City Park, Nairobi. Joseph Murumbi, rafiki yake aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, aliomba azikwe karibu naye, na amezikwa hapo. Njenga alinyongwa. Kisilu alitumikia miaka 36. Tangu Julai 1965 hakuna mtu mwingine aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa kifo cha Pio Gama Pinto.